Eti "Dada, umefuga samaki au mbuzi?"

Sikuwa na mpango wa kuandika chochote kuhusu duka lililoniuzia majani ya tangi la samaki. Pesa ilishaenda, majani yalishaoza, nikasema basi. Lakini juzi kuna mteja nilikuwa namfumua rasta, akageuka kulitazama tangi langu, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Dada, mbuzi wako hawajambo?" Saluni nzima ikaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Ila kitana kilinitetemeka mkononi, nikajua hii hasira haijaenda popote.

Nina saluni Mwanga, hapa Kigoma mjini. Pale wateja wanaposubiri kuna tangi la vioo alilonitengenezea fundi madirisha, ndani yake samaki wa ziwa letu wenyewe. Aliyeniletea ni shemeji yangu, yupo na wale wanaozamia kwenye miamba kutafuta samaki wa mapambo wa kupeleka nje. Wanane ni duboisi: wakiwa wadogo ni weusi wenye madoa meupe kama kanga, wakikua madoa yanafutika, kichwa kinageuka bluu, mwilini unabaki mkanda mmoja. Chini kwenye mchanga kuna wale wadogo wanaoishi ndani ya nyumba za konokono. Wote ni sikilidi, ukoo mmoja na kuhe tunayemla na ugali, na wote roho zao mbaya. Duboisi dume akisema huyu simtaki, atamkimbiza kutwa nzima mpaka mapezi yachanike. Yule wa kwenye konokono hafiki hata urefu wa kidole, lakini ukiingiza mkono anakuja kuuma. Kwa hiyo majani niliyataka kwa sababu: anayefukuzwa apate pa kujificha, na mimi niache kuonyesha wateja mawe matupu.

Nikaagiza Dar. Duka silitaji, mwenyewe atajijua. Picha zao zinavutia, matangi yamejaa kijani utadhani bustani. Nilipopiga, kijana akapokea kwa "karibu sista, karibu sana", akanitajia bei, akanipa namba ya kutuma pesa. 65,000 na nauli ya basi juu. Simu haikuchukua hata dakika tano, na ndani ya dakika hizo hakuniuliza nafuga samaki gani.

Hapo ndipo kidonda changu kilipo. Mimi mtu akikaa kwenye kiti changu simpaki dawa ya nywele kabla sijamuuliza mwezi jana alipakwa nini, wapi, na kichwa kilimwasha au la. Nikikosea kuuliza, nywele zinabaki kwenye taulo. Sasa wewe unauza majani hai, unamuuzia mtu wa Kigoma, mahali ambapo hata mtoto anajua samaki wanatoka wapi, na huulizi samaki gani?

Kifurushi kikaja na basi, kimelala njiani, magazeti yameloa. Ndani mna vitu vitatu.

Cha kwanza fungu la majani mekundu, laini, membamba kama manyoya. Mazuri, sisemi uongo. Niliyapanda jioni, asubuhi nilipofungua nikakuta vijiti. Duboisi chakula chake ni ukoga wa kwenye mawe, na mdomo wake umeumbwa kukwangua, ni kama brashi. Jani laini likipita hapo halina maisha.

Cha pili ndicho kilichonimaliza. Mashina marefu, majani ya kijani yenye mstari mweupe, ghali kuliko vyote. "Haya sista hayaliwi," aliniambia. Kweli hayakuliwa. Yaling'olewa. Wale wadogo wa chini ni wachimbaji, usiku mmoja wanahamisha mchanga wote upande wa pili, asubuhi unakuta mashina yanaelea. Nikayarudisha, nikayakandamiza kwa mawe. Wiki mbili hivi, labda tatu, yakaanza kuwa njano kwa chini, yakateleza kama bamia, tangi likanuka. Wateja wakawa wanadhani ni ile dawa ya nywele.

Akaja jirani yangu anayeuza maua kwenye makopo ya rangi. Akachungulia, akanitazama, akachungulia tena. "Mama, hili si ua la sebuleni?" Akatoka, akarudi na lake kwenye kopo. Lile lile! Mwanzi wa bahati, ambao wala si mwanzi. Mizizi yake inavumilia maji, majani yanataka hewa. Ukiuzamisha wote unaoza, polepole, huku ukikupa matumaini. Niliuziwa ua la mezani nikalizamishe.

Nikapiga simu. Nilikuwa na adabu zangu zote, Mungu anajua. Nikamweleza: haya yameliwa, haya yameoza, na jirani anasema si ya majini. Akanyamaza kidogo, halafu nikamsikia anamwambia mtu pembeni, "Ni yule wa Kigoma." Kisha ndipo akasema:

"Sasa dada, kwani umefuga samaki au mbuzi?"

Nikamuuliza kama naweza kurudishiwa pesa, hata nusu. Akasema mali hai hairudi. Akaongeza ushauri ambao sikuuomba: samaki wanaokula majani wana njaa, wape nyama, wasagie hata dagaa. Simu ikakatwa, na mimi nikiwa na hamu ya kuokoa nilichonacho nikaanza kusaga dagaa kweli. Bahati shemeji alipita. "Shem, unataka kuwaua?" Duboisi ana utumbo mrefu wa mla kijani, ukimshindilia nyama tumbo linavimba, na akishavimba mara nyingi haponi. Tukatupa dagaa, tukawachemshia mchicha kidogo. Wakaushambulia, nakiri, kama mbuzi.

Mpaka hapo hukumu yangu ni sifuri. Msinunue, msipige, msipokee.

Lakini kuna cha tatu, na hiki ndicho kinanifanya nikose raha ya kukasirika vizuri. Chini kabisa ya magazeti kulikuwa na kipande kidogo cha anubiasi, majani manne magumu ya kijani kizito, shina nene linalolala kama tangawizi. Sikukilipia, alinitupia kama nyongeza. Kikaratasi kilisema nikifukie mchangani. Nilikuwa nimeshachoka na hasira za mashina, nikakichomeka tu kati ya mawe mawili nikakisahau. Na hiyo ndiyo iliyokiponya: ukifukia lile shina linaoza, linataka kukaa juu ya jiwe, mizizi ijishikize yenyewe. Kwa hiyo hata zawadi yake aliifungia maelekezo ya kuiua.

Kile kipande sasa kina majani kumi na moja. Nilikifunga kwenye jiwe kwa uzi wa kushonea wivingi, sasa kinashika chenyewe. Wachimbaji hawana cha kuchimba. Duboisi wanakuja kulikwangua jani, wanaondoa ukoga, jani linabaki linang'aa kama limepakwa mafuta. Halichaniki. Aliyefukuzwa anaingia chini yake anatulia. Nasema kweli, ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukiweka mle, na kimetoka duka lile lile.

Shemeji naye akaniletea valisneria ya ziwani, yale majani marefu kama utepe. Maji yetu ya bomba yanavutwa ziwani, ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH, kile kipimo cha asidi na magadi, inakaribia 9, na mimea mingi ya madukani imezoea maji laini ya mito. Hii imezaliwa humo humo. Ila inabidi mizizi uizungushie mawe mpaka ishike, na ukiitoa ziwani ichambue jani kwa jani uondoe konokono, wengine ndio wanaobeba kichocho. Mimi nilivaa glavu za kupakia dawa ya nywele. Duboisi wanaing'ata ncha, yenyewe inaota haraka kuliko wanavyong'ata.

Kwa hiyo alama ngapi? Kwa ile anubiasi ningempa saba. Kwa ua la sebuleni namnyang'anya zote. Kwa dagaa ananidai... hapana, mimi ndiye ninayemdai. Na kwa mbuzi, sijui. Angesema tu "samahani dada" ningeshasahau, wallahi.

Basi wiki iliyopita nikafanya jambo ambalo mume wangu bado ananicheka. Niliagiza tena. Kule kule, vipande vitano vya anubiasi, basi, sitaki kingine. Yule kijana hakunikumbuka, "karibu sista, karibu sana", na samaki gani hakuuliza tena. Kwa uchungu, pale pa jina la mpokeaji nikamwandikia "Mama Mbuzi, Kigoma", nikitarajia ajishtukie. Hakujishtukia. Aliliandika hivyo hivyo kwenye kifurushi kwa kalamu nene, na konda akaliita jina hilo stendi mara tatu, kwa sauti yote aliyonayo, mpaka nikaenda kuchukua.