Karakana iliyonikatia dreva: maoni ya mcheza gofu wa sentimita 163

Mtu mfupi akiingia kwenye duka la vifaa vya gofu hapa Nairobi husikia moja kati ya mawili. Ama achukue dreva (fimbo ya kupigia mpira mbali zaidi) iliyo ndefu ifidie kimo, ama apewe shafti (mpini wa fimbo) laini kwa kuwa "mwili mdogo hauna nguvu". Mimi nimeambiwa yote mawili, na wauzaji ambao hawakuniomba nipige hata mpira mmoja. Ndiyo maana naisifu kwa moyo wote karakana hii ndogo iliyo kando ya uwanja wa mazoezi. Fundi wake hakunionyesha fimbo yoyote kabla ya kunipima.

Na hakuishia kwenye kimo. Alinisimamisha wima nikiwa na viatu vya gofu, mikono imening'inia, akapima kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi sakafuni. Watu wawili wa kimo kimoja hutofautiana hapo kwa sababu urefu wa mikono si sawa. Kampuni kama Ping imetumia vipimo hivyo viwili pamoja kwa miaka mingi kuwachagulia wateja fimbo za chuma.

Kisha akachukua dreva niliyokuja nayo, ya inchi 45.75, akaupulizia uso wake unga mweupe wa kopo, ule wa kukausha miguu. Kila nilipopiga, mpira uliacha duara kwenye unga. Baada ya mipira kadhaa akanipa fimbo niitazame mwenyewe: duara zimetapakaa, nyingi ziko upande wa kisigino, karibu na shingo ya fimbo. Katikati palikuwa peupe kabisa.

"Mwalimu, mwendo unao," akaniambia. "Mpira ndio haupati mwendo huo."

Rada, kifaa cha kupima mwendo wa fimbo na mpira, ilithibitisha. Kichwa cha fimbo kilikuwa kinatembea maili 90 kwa saa, mpira ukitoka na maili 122 tu. Ukigonga katikati, mpira wa dreva unaweza kutoka na karibu mara moja na nusu ya mwendo wa kichwa. Mimi nilikuwa nikipoteza sehemu kubwa pale kwenye mgongano wenyewe. Kugonga kisiginoni pia huuzungusha mpira ukakunja kulia, kwa sisi wa mkono wa kulia, na hiyo ndiyo kona iliyokuwa ikinipeleka vichakani kila wikendi.

Nikamuuliza moja kwa moja: fundi, warefu si wana faida? Hakunificha. Mikono mirefu huchora duara kubwa, na wawili wakizungusha kwa kasi ileile, kichwa cha fimbo kilicho mbali zaidi ndicho chenye mwendo mkubwa. Kyle Berkshire, bingwa wa dunia wa kupiga mbali mwaka 2019, 2021 na 2023, ana takriban mita 1.90. Lakini duara kubwa ni gumu zaidi kulizungusha, na kasi hutoka miguuni, nyongani na mabegani. Rory McIlroy ana kama sentimita 175, na msimu wa 2022–23 ndiye aliyeongoza PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kwa umbali wa dreva, wastani wa yadi 326.3. Ian Woosnam, wa kama sentimita 164, alishinda Masters, moja ya mashindano makubwa zaidi ya gofu, mwaka 1991 na alisifika kwa kupiga mbali. Huyo ananizidi kwa sentimita moja tu! Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Fundi akajaribu shafti fupi hatua kwa hatua, akirudia unga kila mara, mpaka tukafika inchi 44.25. Hapa ndipo kazi yake ilipojitofautisha. Ukikata shafti ukaiacha hivyohivyo, kichwa huhisi chepesi mikononi na unapoteza mpangilio wa mwendo. Kila nusu inchi inayokatwa hupunguza uzito wa kuhisi, yaani jinsi kichwa kinavyohisiwa kuwa kizito unapozungusha fimbo, kwa pointi tatu hivi, na pointi moja hurudishwa kwa takriban gramu mbili kichwani. Kwa hiyo alibadilisha skrubu ya uzito chini ya kichwa, akaongeza na utepe wa madini ya risasi, akapima tena kwenye mizani. Pia alinieleza kwamba shafti iliyokatwa hukakamaa kidogo, akaanza na laini kidogo kuliko niliyokuwa nayo ili ikae sawa baada ya msumeno.

Matokeo: kichwa maili 89, mpira maili 129. Umbali wa hewani ulipanda kutoka yadi 200 hivi hadi kama 215, na duara za unga zikakusanyika katikati. Ukienda, hakikisha rada imewekewa mwinuko wa hapa, maana Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na mpira huruka mbali zaidi kuliko Mombasa. Mimi ilibidi niombe, na karatasi ya kwanza ya matokeo niliyopewa ilikuwa ya usawa wa bahari. Jambo hilo lingepaswa kuwa la kawaida kwao.

Mapungufu mengine: vichwa vya majaribio vya mkono wa kushoto ni vichache mno, na foleni ya Jumamosi asubuhi ni ndefu. Nenda siku ya kazi. Gharama ya upimaji ni kama ya mgeni kucheza raundi moja ya wikendi kwenye klabu nzuri, kukata na kusawazisha uzito ni pesa nyingine, na shafti mpya utalipia kivyake. Ukilinganisha na bei ya dreva mpya ambayo haikufai, ni nafuu kubwa.

Fimbo zangu za chuma zinaenda kwake mwezi ujao, na nimewaambia wanafunzi wangu wawili wanaocheza waje nami wapimwe kabla wazazi wao hawajanunua chochote.