Matembezi ya historia ya kantri Nashville: walimruka DeFord Bailey

Sipendekezi matembezi haya ya basi mjini Nashville, yale yanayotangazwa kwamba yatampitisha mgeni katika matukio makuu ya historia ya muziki wa kantri. Ni miezi sasa tangu nipande basi hilo na hasira haijanitoka. Basi lilikuwa safi, dereva alikuwa mstaarabu, na saa za kuondoka zilizingatiwa. Hayo hayatoshi.

Mimi ni mtu wa Kericho, nimekua nikimsikiliza Jim Reeves redioni kama Wakenya wenzangu wengi. Kwetu muziki huu ni wa siku nyingi. Santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ziliwafikia Wakipsigis mapema sana, hata Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipokuja Kapkatet mwaka 1950 kurekodi nyimbo zetu, aliwakuta wasichana wakimwimba Rodgers kwa jina la Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swara. Kwa hiyo nilipolipa kiingilio kile nilitaka kusimuliwa historia yote, bila kukatiwa.

Mwanzo ulinipendeza. Kiongozi wetu alieleza vizuri jinsi Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alivyofungua studio ya muda huko Bristol, mji ulio juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia, mwishoni mwa Julai 1927, na jinsi familia ya Carter na Jimmie Rodgers walivyorekodiwa hapo kwa mara ya kwanza katika siku chache za mwanzo wa Agosti. Kisha akaingia kwenye redio ya WSM ya hapa Nashville, ambayo kipindi chake cha Jumamosi usiku kilianza Novemba 1925, na akaeleza kwamba mtangazaji George D. Hay ndiye aliyekipa jina la Grand Ole Opry mwaka 1927. Akamtaja Hay, akalitaja jina, akasonga mbele. Hapo ndipo nilipoinua mkono.

Usiku ule Hay alilitamka jina hilo mara baada ya DeFord Bailey kupiga harmonika yake, akiigiza mwendo wa treni. Bailey, Mmarekani Mweusi na mjukuu wa mtumwa, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa kipindi hicho, na mwaka 1928 hakuna aliyesikika humo mara nyingi kuliko yeye. Niliuliza kwa adabu kwa nini hatajwi. Kiongozi alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akatazama saa yake, kisha akaondoa kiganja ili basi zima lisikie, akajibu kwamba haya ni matembezi ya kantri na mwenye kutaka bluzi aende Memphis. Abiria wakacheka.

Naomba ieleweke kwamba kicheko sicho kilichoniuma zaidi. Bailey alizunguka na wanamuziki wenzake weupe katika miji ambayo hoteli zilikataa kumpa chumba. Mwaka 1941, wakati vituo vya redio vilipokuwa katika mgogoro wa haki za nyimbo, aliachishwa kazi, akawa anajipatia riziki kwa kung'arisha viatu katika mji huu huu tuliokuwa tukitembezwa. Alifariki mwaka 1982, na hakuingizwa katika Country Music Hall of Fame, jumba la kuwaenzi wakongwe wa kantri, hadi 2005. Mtu aliyekwisha kunyamazishwa hivyo akiwa hai ananyamazishwa tena na mtu anayelipwa kumsimulia! Na nilipoanza kuhesabu, niliona kwamba hata habari ya familia ya Carter ilikuwa nusu, kwa kuwa Lesley Riddle, mpiga gita Mweusi aliyezunguka na A.P. Carter wa familia hiyo akimsaidia kukusanya nyimbo na kukariri tuni zake, naye hakutajwa.

Haki lazima itendeke: ndani ya ukumbi wa Ryman kiongozi yuleyule alikuwa hodari. Alituketisha kwenye mabenchi ya mbao ya jengo hilo lililojengwa kwa ajili ya mahubiri, akaeleza jinsi Opry ilivyokaa humo kuanzia 1943 hadi 1974, na jinsi duara la mbao lilivyokatwa kwenye jukwaa likapandikizwa katika jukwaa la ukumbi mpya. Alisimulia kwa mapenzi ya kweli, nami nikaona kwamba labda nyota tatu zingemfaa.

Lakini kadiri nilivyomsikiliza akilisifu duara lile ndivyo nilivyozidi kukasirika, kwa sababu muda wa kusimulia safari ya kipande cha sakafu ulipatikana, na wa Bailey ukakosekana. Niliwaandikia wenye kampuni, nikajibiwa kwa kupunguziwa bei ya matembezi yajayo, bila neno hata moja juu ya swali langu. Basi ni nyota moja. Mkifika Nashville, lipeni kiingilio cha Hall of Fame wenyewe, na mlitafute bamba lenye jina la DeFord Bailey.