Sinia la Mfungo Masaki: Jioni Moja kwenye Mgahawa wa Vyakula vya Mataifa Sita

Mgahawa huu uko Masaki, jijini Dar es Salaam, katika mtaa wa ndani usiofikiwa na kelele za barabara kuu, na menyu yake ina kurasa tisa zilizobeba vyakula vya Ethiopia, Lebanoni, Italia, India, Thailand na Meksiko. Atakayeniuliza aagize nini nitamwambia afungue moja kwa moja ukurasa wa Ethiopia na asihangaike na kurasa nyingine, kwa sababu hapo ndipo mkono wa mpishi unapojulikana. Jina la mgahawa naliacha kwa makusudi, kwa kuwa nina lalamiko kuhusu bili ambalo lilimalizwa palepale mezani, na sipendi kosa la usiku mmoja liwaandame watu waliotupokea vizuri.

Nilikwenda na rafiki yangu wa tangu sekondari, ambaye alihamia Dodoma pamoja na ofisi yake na sasa huja Dar es Salaam mara mbili au tatu tu kwa mwaka. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Sisi Waislamu tulikuwa tumekwisha kumaliza Ramadhani na Idi ilikuwa imepita, lakini mwenzangu ni Mkatoliki, na Ijumaa za Kwaresima hagusi nyama. Kwa upande wangu siagizi nyama mahali nisipojua imechinjwaje. Watu wawili wa namna hii wakitafuta pa kula pamoja huishia mara nyingi kwenye sahani ya chipsi na kachumbari, jambo ambalo hunisikitisha katika jiji ambalo Waislamu na Wakristo hukaa meza moja kila siku. Nilipopiga simu mchana kuweka nafasi, nilieleza masharti yetu yote mawili, na dada aliyepokea hakusitasita: alisema kwamba kwa waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia Ijumaa ni siku ya mfungo, kama ilivyo Jumatano, kwa hiyo jiko lao huandaa sinia zima lisilo na nyama, maziwa wala mayai. Jibu hilo peke yake lilinipa imani na mahali penyewe kabla sijapaona.

Mvua za masika zilituchelewesha. Kutoka Upanga tulivuka Daraja la Tanzanite bila shida, lakini mbele yake maji yalikuwa yamejaa barabarani na magari yalikwenda kwa mwendo wa kutambaa, tukafika dakika 40 baada ya saa tuliyoahidi. Meza yetu ilikuwa bado inatusubiri. Mhudumu, kijana mpole aliyetukaribisha kwa kutuita "dada zangu", alituletea taulo za kujifutia kabla hata hatujaketi, kisha akatuonyesha viti vilivyo ndani zaidi ya baraza ili manyunyu yasitufikie. Paa ni la makuti yaliyosukwa vizuri, na kwa muda wote wa mvua ile halikuvuja hata tone juu yetu. Muziki ulikuwa chini kiasi kwamba tuliweza kuzungumza bila kupaza sauti, na nalitaja hili kwa sababu migahawa mingi ya upande huu ikifika saa mbili usiku huwasha spika kana kwamba kila aliyekuja amekuja kucheza. Watu ambao hawajaonana kwa miezi minane wanahitaji kusikilizana.

Tulianza na humusi ya Kilebanoni. Ilikuwa laini, dengu zake zilikuwa zimeiva hadi kulainika kabisa, na rojo la ufuta lilionja ule uchungu kidogo unaoonyesha kwamba ufuta ulikaangwa kabla ya kusagwa. Nchi yenye ufuta mwingi kama unaotoka Lindi na Mtwara haina sababu ya kula humusi iliyopungukiwa ufuta, na hawa hawakuubania. Mkate ulioambatana nayo, hata hivyo, ulikuwa wa jana na ulipashwa moto ili kuficha hilo.

Kosa kubwa la jikoni lilikuwa kwenye tambi za Kithai, zile ziitwazo pad thai, ambazo niliziagiza na kamba kwa sababu nilitaka kuona kama menyu hii ndefu inaweza kutimiza inachoahidi. Pad thai husimama juu ya mambo matatu yanayovutana: ukali wa ukwaju, chumvi ya mchuzi wa samaki na utamu wa sukari ya mnazi. Tambi nilizoletewa zilikuwa nyekundu na tamu kupita kiasi, na baada ya matonge mawili nilitambua ladha ya sosi ya nyanya ya chupa. Ukwaju haukuwemo kabisa. Wakati huohuo, mezani mbele yangu palikuwa na bilauri ya juisi ya ukwaju iliyotoka katika jiko hilohilo, nzito, kali, iliyochujwa vizuri na kutiwa tangawizi kidogo, juisi bora kuliko nyingi nilizokunywa mjini. Ukwaju wanao basi, tena mzuri, na aliyepika tambi zile hakuambiwa kwamba humo ndimo unamotakiwa. Kamba walikuwa wapya kutoka baharini na hawakupikwa kupita kiasi, na inauma kuona kamba wa aina hiyo wakizamishwa kwenye sukari.

Pizza hatukuagiza. Meza ya jirani waliletewa moja, na kingo zake zilikuwa zimepauka bila doa hata moja la moto. Pizza ya Napoli huokwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 400 kwa muda wa dakika moja au moja na nusu, na tanuri la kawaida la umeme haliwezi kufika huko. Nisingependa kulipa shilingi 28,000 kwa ajili ya mkate ule.

Kisha likaja sinia.

Kwanza mhudumu alileta birika na beseni, akatumiminia maji ya vuguvugu tukanawa mikono palepale tulipoketi, jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa na bibi ataliona ni adabu ya kawaida lakini ambalo migahawa ya mjini imeliacha kwa kutuelekeza msalani. Sinia lenyewe lilikuwa pana karibu kama ungo, limetandazwa injera moja, mkate mwembamba wa Kiethiopia, iliyolifunika lote, na juu yake mafungu saba ya mboga na kunde yamepangwa kwa kuzunguka, kila moja na rangi yake. Pembeni palikuwa na injera nyingine nne zilizokunjwa kama leso.

Injera hutengenezwa kwa unga wa tefu, nafaka ndogo kuliko ulezi, ambao hukorogwa na maji na kuachwa uchachuke kwa siku mbili hadi tatu, kisha uji huo humiminwa kwenye kikaango kipana kwa kuzungushwa kutoka ukingoni kuelekea katikati, hufunikwa, na huiva upande mmoja tu bila kugeuzwa. Ndiyo maana chini ni laini na juu imejaa matundu madogo, na matundu hayo ndiyo yanayonyonya mchuzi. Nilikata kipande na kukiinua kwenye taa: kilikuwa chepesi, hakikukatika kwa uzito wake, na matundu yalikuwa yameenea sawasawa hadi ukingoni, ishara ya uji ambao haukuharakishwa. Ukali wake ni ule wa kitu kilichochachuka kwa subira, na mtu aliyezoea mkate wa kumimina au togwa hataushangaa. Nilipomuuliza mhudumu kama ni tefu tupu, alikwenda kuuliza jikoni akarudi na jibu la kweli, kwamba tefu huagizwa kutoka nje na ni ghali, kwa hiyo wanaichanganya na unga wa mtama. Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Mchanganyiko huo haukuharibu kitu, na kwa maoni yangu mtama wetu uliipa injera rangi na harufu ya kupendeza.

Kati ya mafungu yale saba, mawili yanastahili kutajwa kwa kina. Adesi nyekundu zilipikwa kwa berbere, ule mchanganyiko wa pilipili nyekundu na viungo vingi vilivyosagwa pamoja, na kwanza kabisa vitunguu vilikuwa vimekaushwa kwenye sufuria bila mafuta, taratibu, mpaka vikapotea umbo na kuwa mchuzi wenyewe. Hilo linajulikana mdomoni, kwa sababu utamu wa vitunguu vile huja kwanza na pilipili hufuata nyuma yake, na haikuunguzi ila inakupasha joto. Fungu la pili ni shiro, ambayo ni unga wa dengu uliopikwa na viungo ukawa mzito kama uji wa mgonjwa. Sitarajii chakula cha rangi ya udongo kunivutia, na hiki nilikirudia mara tatu. Mwenzangu alikimaliza peke yake upande uliokuwa mbele yake na hakuomba radhi. Kabeji iliyopikwa na karoti na viazi ilikuwa ya kawaida, mbogamboga za majani zilikuwa na kitunguu saumu cha kutosha, na bitiruti lilikuwa baridi mno, kana kwamba limetoka kwenye friji dakika ileile.

Waethiopia wana desturi iitwayo gursha, ambapo mtu hukunja tonge zuri kwa mkono wake na kumlisha mwenzake kama ishara ya upendo na heshima. Mhudumu alitueleza kwa maneno machache kisha akaondoka, na nilimsifu moyoni kwa kutosimama kututazama. Rafiki yangu akakunja adesi na jani la mboga ndani ya injera, akanilisha, nami nikamlisha shiro. Mara ya mwisho kulishana hivi tulikuwa na umri wa miaka 15, bwenini, tukigawana kipande cha mkate kwa zamu. Chakula kinachowekwa kwenye sinia moja hulazimisha watu kusogeleana, kuachiana nafasi, kuona mwenzako anapenda nini na kumwachia. Na sidhani kama kwenye tambi zangu, kila mmoja na sahani yake, tungezungumza tuliyoyazungumza jioni ile kuhusu ugonjwa wa mama yake.

Kahawa nayo isikose. Dada mmoja aliketi kwenye kigoda karibu na meza yetu akakaanga buni kwenye kikaango kidogo juu ya jiko la mkaa, akatuletea moshi wake tuunuse, akazitwanga, kisha akachemsha kahawa katika jebena, chungu cha udongo chenye shingo ndefu. Neno lao la kahawa ni "buna", na sisi punje zake tunaziita buni. Ukilisikia neno hilo likisemwa na mtu wa Addis Ababa huku punje zikipasuka motoni, huwezi kujihisi mgeni. Vikombe havina mikono, kama vile vya wauza kahawa wa Kariakoo, ila badala ya kashata huletewa bisi, na ubani huchomwa pembeni. Raundi ni tatu, zenye majina yake: abol, tona, na ya mwisho baraka, ambayo haihitaji tafsiri kwetu. Shughuli yote ilichukua karibu saa nzima, na hapa nina ushauri wa dhati kwa atakayekwenda: kahawa iagizwe wakati wa kuketi. Sisi tuliiagiza baada ya kula, na raundi ya tatu tuliinywa viti vikiwa vimeshaanza kupandishwa juu ya meza za jirani.

Sasa bili. Tulivyohesabu sisi kwa bei za menyu, humusi ilikuwa shilingi 15,000, tambi 32,000, sinia 30,000, juisi mbili 14,000 na kahawa 20,000, jumla 111,000. Bili ililetwa ikisomeka 117,000, kwa kuwa injera mbili za ziada zilikuwa zimetozwa 3,000 kila moja. Bei hiyo haimo kwenye menyu, na kijana alipotuuliza, "Niwaongezee injera?" aliuliza kama mwenyeji anavyomuuliza mgeni, nasi tukaitikia kama wageni. Kiasi chenyewe ni kidogo, lakini mteja ana haki ya kujua kabla ya kula kwamba analolikubali lina bei. Tulipoeleza, meneja alikuja mwenyewe, akasikiliza bila kubishana, akaiondoa na kutupa bili mpya pamoja na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Tulilipa kwa Lipa Namba. Ninachomwomba ni kwamba aiandike bei ya injera ya ziada kwenye menyu, chini kabisa ya sinia, kwa herufi zinazosomeka, na akiwa na kalamu mkononi afute pia zile kurasa za pizza na tambi ambazo jiko lake halina vifaa vyake wala mapenzi nazo. Shilingi 32,000 nilizolipia tambi zingetosha sinia la pili na baki.

Mwenzangu atarudi kutoka Dodoma kabla ya Pasaka. Tumekubaliana kwenda tena siku ya Jumatano, ambayo nayo ni siku ya sinia la mfungo, tukiwa wanne safari hii, na tayari nimepiga simu kuomba jebena iwekwe motoni mara tutakapoingia.