Fundi aliyeizima redio yangu kwa kuchomoa antena

Peugeot 504 ya marehemu baba ni ya mwaka 1976, na redio mpya niliyoifunga ilikuwa ikilia kama mbu. Gari likisimama, mluzi mwembamba. Nikikanyaga mafuta, mluzi unapanda. Nikiwasha indiketa, spika nazo tik, tik, tik. Taa kubwa zikiwaka, sauti inanywea. Mama alishaanza kusema gari lina jini.

Duka lililoniuzia redio, silitaji, walinifungia chujio la kelele kwa shilingi 40,000. Mluzi ulirudi wiki hiyohiyo. Nilipowafuata, wakataka ninunue redio kubwa zaidi.

Shemeji akanielekeza kwa mzee mmoja Gerezani, Kariakoo, fundi umeme wa magari anayefanyia kazi chini ya turubai, hana hata kibao. Nilikaa kwenye ndoo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Zamu yangu ilipofika, redio hakuigusa. Alisikiliza kidogo, akapenyeza mkono nyuma ya dashibodi, akachomoa waya wa antena. Redio ikazima. Siyo kupoteza stesheni, imezima kabisa, hata taa yake!

"Mwanangu, redio yako haina ethi," akacheka. "Inaombaomba kwa antena."

Kumbe ule waya mweusi wa ethi, wa kurudisha umeme kwenye bodi, walikuwa wameukaza kwenye skrubu iliyokaa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Basi umeme ukawa unarudi kupitia ganda la waya wa antena, na kelele zote za alteneta, ile mashine ya kuchaji betri, zinaingia humohumo.

Akarudisha antena, akawasha taa, akapima kwa mita kutoka ganda la redio mpaka hasi ya betri: volti 0.7, wakati inatakiwa iwe karibu na sifuri. Akatafuta boliti kwenye chuma cha bodi, akakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza waya kwa washa yenye meno na kupaka grisi juu kuzuia kutu. Halafu akafungua boneti. Mkanda wa ethi kati ya injini na bodi ulikuwa umeota ukijani, unakatika ukiushika, akaweka mwingine. Mita ikasoma 0.04. Nikapiga resi mwenyewe, kimya, taarabu peke yake.

Jumla 30,000, mkanda ndani yake. Kwa kazi ya saa moja na nusu sikunung'unika.

Nimemkata nyota moja. Hapangi miadi, risiti hatoi, na skrubu moja ya dashibodi niliikuta juu ya kiti nikiwa nimeshafika nyumbani. Nikampigia simu: "Mzee, hii ya wapi?" Akanijibu, "Ya upande wa kushoto, ikaze tu." Nikaikaza. Ilikuwa ya kulia.