Churchkhela ya Sighnaghi kwa mlaji wa Dodoma

Kwa mbali utadhani ni mishumaa, au soseji zilizosahauliwa juani. Churchkhela ni kokwa za jozi (walnut) zilizotungwa uzini, zikachovywa kwenye uji mzito wa unga na mchuzi wa zabibu, yaani juisi yake iliyokamuliwa, zikaanikwa. Makao yake ni Kakheti, mashariki mwa Georgia (ile ya Kaukazi, si jimbo la Marekani). Sighnaghi, mji mdogo ulio kilimani juu ya bonde la Alazani, bado umezungukwa na ukuta wenye minara wa mfalme Erekle II, wa karne ya 18. Yakifika mavuno ya Septemba na Oktoba, mitungo huning'inia huko kama mahindi ya mbegu juu ya jiko.

Utamu wake ni wa zabibu tu. Ya asili haitiwi sukari. Nje hunata menoni kama halua iliyoanza kukauka, ndani jozi huleta uchungu kidogo unaozuia kukinai. Nyeusi hutokana na zabibu ya Saperavi, ya rangi ya asali hutokana na Rkatsiteli. Nzuri hupinda ukiibonyeza. Ikikatika kama biskuti imezeeka, ikinata vidoleni haijakauka. Vumbi jeupe juu yake lisikutishe, ni sukari ya zabibu imejitokeza; ukungu una manyoya na harufu. Zile nyekundu za kung'aa kama pipi waachie watalii. Na uchomoe uzi kabla ya kula.

Sasa ya kwetu Dodoma. Hombolo, Mpunguzi na Makutupora zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kilio cha mkulima ni kile kile: matangi ya wasindikaji yamejaa, zabibu inaharibika. Churchkhela haihitaji tangi, sufuria inatosha. Zabibu ya aina ya Makutupora nyekundu itatoa nyeusi, ya Chenin Blanc itatoa ya asali.

Chemsha mchuzi kwa moto mdogo, ukiengua povu, hadi theluthi moja ipungue. Pima uliobaki: kila lita inataka gramu 100 hadi 130 za unga wa ngano. Koroga unga kwanza kwenye mchuzi uliopoa, kwani ukiumwagia kwenye mchuzi wa moto utapata madonge yasiyoyeyuka. Magharibi mwa Georgia hutumia unga wa mahindi, kwa hiyo sembe haina kosa. Rudisha motoni, songa kwa mwiko bila kuacha, maana chini huungua upesi na harufu ya moshi haitoki tena, mpaka uji ushike mwiko na ladha ya unga mbichi iishe. Chovya, acha udondoke, subiri ukauke juu, chovya tena.

Jozi hapa ni adimu. Karanga ni ndogo mno na hupasuka sindano ikipita (wakulima wa Kongwa mtusamehe). Korosho mbichi zilizobanguliwa, zikilowekwa kwanza, hutungika vizuri.

Anika penye kivuli na upepo kwa wiki moja au mbili, ukizifunika kwa chandarua, maana nyuki watazifuata. Mavuno ya Agosti na Septemba ndiyo ya kazi hii: hewa ya Dodoma wakati huo ni kavu kabisa. Ya Februari na Machi hukutana na mvua, mitungo hubaki na unyevu ndani na kuota ukungu kabla haijakomaa. Msimu huo peleka zabibu sokoni.