Lenzi za jicho za darubini: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Darubini nyingi za kuanzia huja na lenzi mbili ndogo za kuchomeka pale jicho linapokaa. Moja imeandikwa 25, nyingine 10. Hizo ni milimita za fokasi, yaani umbali ambao lenzi au kioo hukusanya mwanga mahali pamoja, na hesabu yake ni nyepesi: chukua fokasi ya darubini, gawa kwa namba ya lenzi, unapata ukuzaji. Hapa nitatumia darubini ya kioo cha kuakisi yenye kipenyo cha milimita 130 na fokasi ya 650, maana wanaoanza wengi wanayo hiyo au ndugu yake. Lenzi ya 25 inakupa mara 26, ya 10 mara 65. Pete za Zohali utaziona, ila ndogo, na utataka zaidi. Hapo ndipo watu wanapoliwa pesa zao.

Mpangilio wangu unafuata unachopata kwa kila shilingi. Kama pesa si tatizo kwako, shuka moja kwa moja hadi zile lenzi za upana wa kuona wa nyuzi 82 huko chini.

Ya kwanza, bila kusita, ni lenzi ya milimita 6 yenye upana wa kuona wa nyuzi 66. Zinauzwa kwa majina mengi, SVBONY wakiwemo, na kwa kawaida zina pete ya rangi ya dhahabu. Inakupa mara 108. Kwa ukuzaji huo duara la Mshtarii linaonekana pana kuliko Mwezi unavyoonekana kwa macho matupu, na mikanda yake miwili inatoka vizuri hewa ikitulia. Lakini faida kubwa iko kwenye upana. Darubini isiyo na mota lazima uisukume kwa mkono, kwa sababu dunia inazunguka na sayari inakimbia. Kwa lenzi ya kawaida ya nyuzi 50, sayari inavuka picha nzima kwa muda usiofika dakika mbili. Kwa nyuzi 66 inachukua karibu dakika mbili na nusu. Ukiwa na watoto watano kwenye foleni, kila mmoja akidai hajaona kitu, nusu dakika hiyo ni mali.

Jambo la pili ni nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya kioo cha juu na mboni yako. Hizi zinatoa takriban milimita 15, kwa kuwa ndani yake kuna kundi la vioo vinavyotawanya mwanga kabla ya vile vinavyoukusanya. Mvaa miwani anaweza kuzitumia, ingawa kwa kubanana kidogo. Ukiwa huoni mbali tu, vua miwani, rekebisha ukali wa picha, endelea. Mwenye astigmatizimu kali, yaani jicho lisilo na mviringo sawa, asivue. Ya milimita 9 ya aina hiyohiyo nayo ni nzuri. Za 15 na 20 siwashauri wenye darubini fupi kama hii: nyota za pembeni huvutika zikawa kama mabawa.

Ya pili ni Plössl ya milimita 32. Muundo huu wa jozi mbili za vioo ulitoka kwa Georg Simon Plössl wa Vienna mnamo 1860, na bado unauzwa kwa sababu unafanya kazi. Utapata mara 20 na zaidi ya nyuzi mbili za anga, Kilimia chote ndani ya picha moja. Ila usinunue Plössl fupi. Nafasi ya jicho kwenye muundo huu hupungua pamoja na fokasi, kiasi cha robo tatu yake hivi, kwa hiyo ile ya milimita 6 inataka kope zako ziguse kioo. Kila ukipepesa unaacha mafuta juu yake.

Zumu ya 8 hadi 24, yaani lenzi moja inayobadilisha fokasi kati ya milimita hizo, naiweka ya tatu. Kuzungusha tu na kukuza ni raha, hasa kwa Mwezi. Kasoro yake iko pabaya: nyingi za bei ya kati zinabana hadi nyuzi 40 hivi zikiwa kwenye 24, mahali hasa ulipohitaji upana.

Barlow ya mara 2, kibomba chenye kioo kinachochomekwa kabla ya lenzi ya jicho, inafuata. Huipa kila lenzi uliyonayo ukuzaji maradufu, lakini lenzi mbovu ikikuzwa inabaki mbovu.

Nyuzi 82 ni kazi iliyoletwa na Al Nagler wa Tele Vue, mtu aliyewahi kubuni vioo vya mitambo ya kuwafunza wanaanga wa Apollo. Nyota hubaki nukta hadi ukingoni hata kwenye darubini fupi. Bei ya moja yaweza kuzidi darubini yako nzima, na nyingine ni nzito kiasi cha kuinamisha bomba. Subiri.

Usiguse sanduku la alumini lenye lenzi kumi na vichujio vya rangi, utatumia tatu. Na lenzi iliyoandikwa SR4, yaani ya milimita 4, ikiambatana na Barlow ya mara 3 ndiyo inayozaa tangazo la "mara 525" kwenye darubini ya kipenyo cha milimita 60. Kikomo cha maana ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani 120. Zaidi ya hapo unakuza ukungu.

Ukinunua mtumba, pima kwanza mdomo: inchi 1.25, si ile ya zamani ya 0.965. Kisha mulika tochi kwa mshazari ndani ya kioo. Vumbi halina neno. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na lenzi zilizokaa Mombasa au Tanga bila vipakiti vya kunyonya unyevu huzipata mapema. Hiyo mrudishie mwenyewe, hata akishusha bei.