Fyuzi ilikuwepo, lakini mahali si pake: uzoefu wangu na fundi aliyeweka umeme kwenye vani yangu ya kulala

Nianze na haki yake, maana nikianza na hasira sitafika huko.

Kibao cha umeme alichonifungia nyuma ya kiti cha dereva ni kizuri. Nyaya zimelala sambamba, zimeshikwa na vibanio, kila moja ina kijikaratasi chake: taa, pampu ya maji, friji, feni. Hakuna waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Kila kichwa cha kebo kimebanwa kwa mashine ya haidroliki na kuvalishwa mpira unaosinyaa kwa joto. Siku anayonikabidhi gari nilipiga picha nikawatumia ndugu zangu, na kama ningeandika maoni haya jioni ile ningempa nyota zote na kumtafutia wateja juu yake.

Sikuandika jioni ile.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa kwenye barabara ya changarawe, ile yenye matuta madogo madogo yanayotikisa kila skrubu. Nikasikia mlio mmoja mkavu chini ya kitanda, pah, na papo hapo friji ikanyamaza, taa za nyuma zikazima. Kisha ikaja harufu ya plastiki ya waya iliyoungua. Nikasimamisha gari, nikazima injini, nikafungua milango yote, nikasimama nje na kizima moto mkononi nikisubiri ndimi za moto. Hazikuja. Ulitoka moshi mwembamba kwenye upenyo wa kitanda, ukakatika.

Nilipohakikisha kumetulia nikatoa godoro, nikang'oa ubao na kumulika kwa tochi. Betri iko upande mmoja wa gari, kibao na inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa volti 230 kama wa nyumbani) viko upande wa pili. Kebo nene nyekundu inatoka kwenye chanya ya betri, inapenya tundu alilotoboa kwenye bati la ubavu, inatambaa chini ya sakafu ya mbao, halafu inapanda hadi kwenye fyuzi kubwa iliyokaa juu ya kibao. Pale kwenye tundu hakuweka mpira. Ni bati tupu, ukingo mkali vilevile ulivyoachwa na keekee. Kila mtikisiko wa barabara ulikuwa unaisugua kebo mahali palepale hadi ganda jekundu likaisha kwa upana wa ukucha wa kidole cha mwisho na shaba ikabaki wazi. Kwenye ukingo wa bati kulikuwa na doa jeusi, na katikati ya doa chuma kilikuwa kimeyeyuka kikaacha kishimo. Nyuzi kadhaa za shaba zilikuwa zimeungana zikawa tone moja gumu.

Nikaenda kuiangalia ile fyuzi. Nzima kabisa, haina hata alama.

Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu, kwa sababu nilielewa nilichokuwa nakilalia. Hasi ya betri imefungwa kwenye chasisi, kama inavyotakiwa. Shaba ilipogusa bati, umeme ulitoka chanya, ukaingia kwenye mwili wa gari na kurudi hasi. Njia fupi, na fyuzi haimo kwenye njia hiyo. Fyuzi hukatwa na umeme unaopita ndani yake tu. Inailinda kebo iliyo mbele yake, lakini kebo iliyo kati yake na betri haina mlinzi yeyote. Ndiyo maana fyuzi kuu huwekwa jirani na betri. Viwango vya ABYC, vinavyotumika kwa boti huko Marekani na ambavyo wajenzi wengi wa vani huvifuata, vinataka isizidi inchi 7 kutoka kwenye chanzo cha umeme, yaani sentimita 18 hivi, na vinaongeza urefu huo pale tu kebo inapokuwa imekingwa ndani ya bomba au ala. Yangu ilikuwa imevuka gari zima, bila bomba, ikisugua bati.

Na asije mtu akaniambia hiyo ni volti 12 tu. Volti 12 haitakurusha ukiigusa kwa kidole, ni kweli. Lakini joto la waya linaletwa na ampea, na kwenye mfumo huu ampea ni nyingi. Inveta ya wati 2,000 ikifanya kazi yake ya halali inavuta zaidi ya ampea 160 kutoka kwenye betri. Ikipigwa shoti, betri ya lithiamu inaweza kusukuma maelfu ya ampea. Kilichoniokoa ni saketi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri yenyewe, ambayo ilikata kila kitu kwa kufumba na kufumbua. Hiyo ndiyo iliyozima friji na taa. Lakini ile ni kinga ya mwisho kabisa, tena imejengwa kwa transista, swichi ndogo za kielektroniki, ambazo zikiharibika mara nyingi hukwama zikiwa zinapitisha umeme. Ingekuwa betri ya kawaida ya asidi, isiyo na ulinzi wowote ndani, ile kebo ingewaka chini ya mbao, na juu ya mbao kuna godoro.

Nikampigia simu. Niliongea kwa adabu, naapa. Nilishamtumia picha ya tundu, ya doa jeusi na ya fyuzi. Nikamwambia, fundi, kebo imepiga shoti kabla ya kufika kwenye fyuzi, naomba uje uihamishie fyuzi kwenye betri.

Akacheka. "Dada yangu, fyuzi si ipo? Wewe unataka fyuzi ngapi?"

Nikamweleza tena, polepole, nikitaja tundu, bati na njia umeme uliyopita. Akasema barabara ndiyo mbovu, nisingepita kule. Gari la kulala lisipite barabara mbovu! Nikamuuliza swali moja: fyuzi ile inalinda nini kati ya betri na kibao? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie shemeji anipigie, nitamwelewesha yeye."

Shemeji. Gari ni langu, kadi ina jina langu, malipo niliyahesabu mimi mkononi mwake. Muda wote wa kazi alikuwa akiniuliza mimi nataka soketi wapi, taa za rangi gani, swichi ikae kimo gani. Nilipouliza kitu kinachohusu uhai wangu, ghafla akahitaji mwanamume wa kuzungumza naye. Nilimwambia hakuna shemeji, kuna mimi. Akakata. Nikipiga tena, haipokelewi hadi leo.

Nilitaka kuishia hapo na kumpa nyota moja. Ila fundi wa pili aliyenirekebishia alikagua mfumo wote, na sina budi kueleza alichokikuta, hata kama kinanikera kukiandika.

Upande wa volti 230 uko safi. Na safi yenyewe si ya kubahatisha. Kuna kile kikata umeme cha miliampea 30 kinachotakiwa kukata umeme ukivuja kwenda kwenye mwili wa mtu. Watu wengi hubonyeza kitufe cha majaribio, kikikata wanaridhika. Kumbe kitufe kile hutengeneza uvujaji wake ndani kwa ndani, kwa hiyo kitakata hata kama gari halina waya wa ardhi hata mmoja. Fundi wa pili alitumia kifaa cha kupimia kwenye kila soketi, na kila soketi ilikata inavyopaswa. Kisha akaangalia jambo linalosahaulika mno: gari likitumia inveta, nyutro (waya unaorudisha umeme) na ardhi ziwe zimeunganishwa pale kwenye inveta, la sivyo kikata umeme hakina namna ya kuhisi uvujaji, na likichomekwa umeme wa nje muungano huo ufunguke. Vyote vilikuwa sawa. Akaniambia waziwazi kwamba yeye mwenyewe hukutana na magari mengi yaliyokosewa hapo, na kwamba aliyefunga hii anajua kazi.

Kwa muda nikajisikia vibaya. Nikafikiri labda nimekuwa mkali, labda nimpandishie nyota, mtu kateleza mara moja kwenye kazi nzuri.

Lakini kadiri ninavyolifikiria, ndivyo linavyozidi kuniuma. Mtu anayejua kuunganisha nyutro na ardhi kwenye inveta hawezi kuwa hajui fyuzi kuu inakaa wapi. Anajua. Fyuzi ile kubwa inapendeza pale juu ya kibao, inaonekana kwenye picha, na kuiweka kule kwenye betri kungemlazimu alale kifudifudi chini ya kitanda na kutafuta nafasi finyu. Na mpira wa tundu ni kitu cha kuingiza kwa dole gumba kabla ya kupitisha kebo. Asingekuwa na ujuzi ningemwita mwanagenzi na kumsamehe. Huyu alichagua, kisha nilipomshika kwenye alichochagua akaniulizia shemeji.

Nyota moja ibaki hapo hapo, na hata hiyo ni kwa sababu ya ule upande wa volti 230.

Sasa fyuzi yangu iko kwenye kichwa cha betri chenyewe, ya aina ya Class T, ambayo imetengenezwa kukata hata ampea 20,000. Hilo nalo lina maana kwenye lithiamu, kwa sababu fyuzi dhaifu inaweza kuyeyuka lakini cheche ikaendelea kuruka ndani yake na umeme usikatike. Kebo ni mpya, iko ndani ya bomba la plastiki linalopinda, na tundu la bati limevalishwa mpira mnene.

Kama alishakufanyia kazi wewe pia, usimpigie simu. Inua kitanda, mulika, fuata kebo nyekundu kwa macho kuanzia kwenye betri. Ukikuta imefika kwenye bati kabla ya kufika kwenye fyuzi, zima kila kitu, fungua upande wa hasi kwanza ili spana ikigusa chasisi isipige shoti, na usiwashe tena mpaka fyuzi ihamishwe.